Pampu za tangi la kati zikikaukiwa

Mdogo wangu suali lako kwa nini marubani wa Boeing 737 wanazima pampu za tangi la kati (tangi la mafuta lililo baina ya mbawa) ndege bado iko juu, hapo hawabani umeme. Zile pampu zinapoozwa na kulainishwa na mafuta yenyewe yanayopita ndani yake, sasa tangi likikauka zinazunguka kavu zinapata moto, kama ushaiona pampu ya kisima ikivuta upepo ndo vile vile, ila mule tangini kumebaki mvuke wa mafuta uliochanganyika na hewa na huo ndo unaoripuka. Bangkok 2001 iliripuka 737-400 imeegeshwa tu, pampu za tangi la kati zinazunguka na tangi halina kitu!! Kwa hivo zile taa mbili za njano za presha ndogo za pampu hizo zikiwaka unazima hapo hapo, usisubiri. Pampu za matangi ya kwenye mbawa mbali, hizo hata mafuta yakiwa kidogo unaziacha, la kati likikauka ndo zinazolisha injini. Na mkiwa chini hapo uwanja wa ndege wa Kisauni, Unguja, mnasubiri abiria usitoke kokpiti ukaziacha za kati zinafanya kazi, hilo nakuomba sana.