Mwamba au Jabali Lililolala? Wasomaji Wauliza

Mhandisi, habari za kazi. Tunajenga ghorofa nne Iringa mjini, upande wa Gangilonga. Tumechimba mashimo matatu ya uchunguzi. La kwanza limegonga jiwe mita 3.2, la pili mita 3.8, la tatu limefika mita 7 na bado ni udongo. Mchorongaji, anayetutobolea mashimo kwa mtambo, anasema mwamba umeshapatikana, tufunge kazi. Tumsikilize?
*Msimamizi wa ujenzi, Iringa*

Msifunge. Shimo la tatu ndilo shahidi wenu, na linasema kuna jambo.

Iringa imekaa juu ya granaiti. Maji hupenya kwenye nyufa za granaiti na kuila kidogo kidogo kutoka pembeni, ikageuka mchanga wenye tope jekundu. Kinachobaki ni mioyo ya mwamba, mawe ya mviringo yaliyozikwa ndani ya udongo kama viazi kwenye tuta. Majabali mnayoyaona juu ya ardhi ni ya ukoo huohuo, ila udongo wao umeshachukuliwa na mvua. Biti, yaani ncha ya kutobolea, ikigonga jiwe mita 3.2 haijui kama ni kiazi au ni mwamba mama.

Rudini kwenye mashimo mawili ya kwanza na mchoronge kwa biti ya almasi na bomba la sampuli lenye kuta mbili, angalau mita 3 ndani ya jiwe bila kukatiza. Shimo moja liende mita 5. Mwangalieni mchorongaji pamoja na maji yanayorudi juu. Yakiwa ya kijivu halafu ghafla yakageuka ya kahawia, au yakapotea, au biti ikazama bila kusukumwa, mmetoboa jabali na kutokea udongoni upande wa pili.

Kila awamu ya kuchoronga, pimeni urefu wa sampuli iliyotoka, kisha jumlisheni vipande vyenye sentimita 10 au zaidi pekee. Awamu ya sentimita 150 ikitoa vipande vizima vya jumla ya sentimita 96, ubora wa mwamba ni asilimia 64. Sampuli iliyovunjika mkononi wakati wa kutolewa ihesabiwe kama kipande kimoja. Mvunjiko wake ni mpya na safi, hauna kutu ya kahawia. Mkitumia bomba la ukuta mmoja, sampuli husagwa humo ndani na mwamba mzuri utaonekana mbovu.

Mchorongaji anayelipwa kwa mita, mwenye biti ya almasi ya bei kubwa, ana kila sababu ya kupenda kusimama mapema. Hatumlaumu, lakini uamuzi huo si wake. Nguzo moja ikikalia jabali na jirani yake ikakalia udongo, jengo litashuka upande mmoja, na nyufa zitaanza kwenye kona za madirisha.

Wataalamu, tuko eneo la Uyole, Mbeya. Mashimo mawili yako mita 12 mbalimbali, udongo ni uleule, changarawe nyepesi za volkano, na maji yako mita 4. Kwenye kina cha mita 6 kipimo cha SPT (cha kupigilia bomba udongoni na kuhesabu mapigo) kimetoa N, yaani idadi ya mapigo, ya 7 shimo moja na 26 jingine. Tuandike wastani?
*Fundi sanifu, Mbeya*

Wastani wa kipimo kizuri na kipimo kibovu ni kipimo kibovu. Tafuteni kwanza kilichoharibika.

Kipimo chenyewe ni nyundo ya kilo 63.5 inayodondoka milimita 760 juu ya fimbo. Bomba la sampuli huzama milimita 450, na mapigo huhesabiwa kwa kila milimita 150. Mapigo ya milimita 150 za kwanza hayaingii, kwa sababu hapo kuna udongo uliovurugwa na biti. N ni jumla ya mapigo ya sehemu mbili za mwisho.

Hiyo 7 tunaishuku maji. Mkivuta fimbo haraka, maji ndani ya shimo hushuka chini ya maji ya ardhini, na ya nje huingia kwa nguvu kupitia sakafu ya shimo yakiinua mchanga. Bomba huwekwa juu ya uji badala ya udongo. Dalili ni rahisi: kabla ya kupiga, teremsheni fimbo na mpime kina. Shimo likiwa fupi kuliko mlipoachia kuchimba, sakafu imepanda. Dawa ni kujaza shimo maji hadi juu muda wote, kuvuta fimbo polepole, na kesingi, bomba linalozuia kuta za shimo zisiporomoke, isipite sakafu ya shimo.

Hiyo 26 nayo isiwafurahishe. Kokoto moja ikikwama kwenye mdomo wa bomba, mnakuwa mnapiga kizibo. Fungueni bomba mwone sampuli ni ndefu kiasi gani. Na kama nyundo inainuliwa kwa kamba kwenye gurudumu, kamba ikizungushwa mara tatu badala ya mbili, msuguano hupunguza kasi ya nyundo na N hupanda bila udongo kubadilika.

Halafu kuna pumisi yenyewe, hizo changarawe zenu nyepesi za volkano. Chembe zake zina matundu na husagika chini ya pigo, kwa hiyo majedwali yaliyotengenezwa kwa mchanga wa kawaida hayazitoshi. Rudieni shimo jipya kwa utaratibu sahihi, na uwezo wa udongo kubeba mzigo uthibitishwe kwa jaribio la bamba, yaani bamba la chuma linalobebeshwa mzigo, kwenye kina cha msingi.

Nyundo ya Schmidt, inayopima ugumu wa zege kwa mdundo wake, imeonyesha zege la kalvati la zamani barabara ya Njombe ni imara kuliko lilivyosanifiwa. Inawezekana?
*Mkaguzi wa barabara, Makambako*

Inawezekana, lakini wa kwanza kushukiwa ni hewa. Kwa miaka mingi hewa ukaa huingia kwenye zege na kufanya ngozi yake kuwa ngumu. Nyundo inasoma ngozi tu. Vunjeni kipande kidogo, nyunyizieni finoftalini (dawa ya maabara inayobadili rangi) sehemu iliyovunjwa upya: penye rangi ya waridi zege ni la asili, pasipobadilika rangi hewa imeshaingia. Ngozi hiyo ikiwa ya milimita 20, namba mlizosoma ni za ngozi.

Sugueni uso kwa jiwe la kunolea na mpige sehemu kavu. Kila eneo lichukue angalau mapigo 9, kila pigo likae milimita 25 au zaidi kutoka pigo jingine na kutoka ukingoni, kisha mzipange namba kwa ukubwa na mchukue ya katikati. Kabla na baada ya kazi, jaribuni nyundo kwenye chuma chake cha kuihakiki. Isome 80, pungufu au zaidi kwa 2. Kisha tafuteni nondo kwa kifaa chake, mkate sampuli za zege za kipenyo cha milimita 100 mahali pasipo nondo, na mzipasue maabara. Nyundo itawaonyesha wapi pa kukata. Nguvu ya zege itatoka kwenye sampuli.

Maabara imeandika udongo wetu wa Tukuyu ni mchanga wenye vumbi, wakati mkononi unanata kama mfinyanzi. Nani mkweli?
*Mwanafunzi, Rungwe*

Mkono. Udongo mwekundu uliotokana na majivu ya volkano mara nyingi una madini ya haloisaiti, ambayo yakikaushwa hushikamana na hayarudi tena yalivyokuwa, hata ukiloweka. Sampuli iliyoanikwa juani au kutiwa ovenini kabla ya kupimwa huonekana ya chembe kubwa, na kikomo chake cha uoevu (kiasi cha maji kinachoufanya udongo uanze kutiririka) hushuka. Fungeni sampuli kwenye mifuko miwili ya plastiki palepale shimoni, na maabara ianze kupima ikiwa bado mbichi. Kwa unyevu, kausheni sehemu moja kwa nyuzi 105 na nyingine kwa nyuzi 50. Majibu yakitofautiana kwa asilimia 4 hadi 6 au zaidi, tumieni yale ya nyuzi 50.