Superman hasikii: kosa ni la mtoto, mashine au gemu?

SWALI: Shikamoo anko. Nakaa Magomeni Mapipa. Mwezi uliopita nilinunua mashine ya gemu ya Nintendo 64 ya mtumba Kariakoo, elfu themanini, na kanda mbili: mbio za magari na Superman. Ya Superman aliitaka mdogo wangu wa miaka 9, maana hata begi lake la shule lina Superman. Magari tunacheza vizuri. Lakini Superman kila akipaa anakosa pete, muda unaisha, anarudishwa mwanzo. Juzi dogo alilia, akasema yeye hawezi kuwa Superman. Aliyeniuzia anadai mashine ni nzima, sisi ndio hatujui. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kuhusu mashine, muuzaji amesema kweli. Kuhusu dogo, hapana, na umwambie leo kabla hajalala: gemu yenyewe ndiyo mbovu.

Miaka ya 2000 mwanzoni nilikuwa na kibanda cha gemu Tandika, TV tatu na mabenchi mawili. Shemeji yangu aliniletea kanda hiyohiyo kutoka Dubai. Siku ya kwanza watoto walisukumana mlangoni kwa ajili ya ile picha ya kwenye boksi. Siku ya nne hakuna aliyetaka kuilipia. Kijana mmoja aliyekuwa hafungiki kwenye gemu za mpira aliweka pedi ya kuchezea chini taratibu, akaniambia, "Kaka, huyu hasikii." Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Unabonyeza, anachelewa. Unamkata kushoto kidogo, anapitiliza hadi ukutani.

Gemu hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Titus ya Ufaransa, ikatoka mwaka 1999, kufuata katuni ya televisheni iliyoanza 1996. Lex Luthor amewanasa rafiki zake Superman ndani ya mji wa Metropolis uliotengenezwa kwa kompyuta. Kwa hiyo Superman, mwenye uwezo wa kunyanyua jengo, anatumwa na adui yake kupita kwenye pete huku saa inahesabu! Eric Caen, mmoja wa waanzilishi wa Titus, alieleza baadaye kwamba wenye haki za mhusika waliwabana: hawakutaka Superman aonekane akipiga watu halisi, ndiyo maana mji ukafanywa wa bandia. Ninawaelewa kwa hilo. Lakini hakuna mwenye haki aliyewaamuru wamfanye Superman awe mzito kwenye pedi.

Umeona ule ukungu wa kijani unaomeza maghorofa? Mashine ile haikuweza kuchora mji mzima kwa mbali, na gemu nyingi za wakati ule zilificha mambo kwa ukungu. Hawa wakasema ni kriptonaiti ya Luthor, ile sumu inayommaliza nguvu Superman. Sasa tafuta gemu ya Spider-Man ya kampuni ya Neversoft, iliyotoka 2000 kwenye PlayStation, kisha ikaja kwenye mashine yako hiyohiyo. Nayo ina ukungu: barabara zote za New York zimefunikwa na gesi, huoni chini. Ujanja ni uleule. Tofauti ni kwamba pale gesi inakufukuza juu ya mapaa, na juu ya mapaa ndiko Spider-Man anakotakiwa kuwa. Unarusha utando, unabembea hadi jengo la pili, na mkono wako unaamini. Kibandani kwangu watoto waliokuwa wakisubiri zamu walikuwa wanainamisha miili pamoja naye.

Kitu kimoja cha kuangalia, kwa sababu kitawasumbua hata kwenye magari baadaye. Pedi ya Nintendo 64 ina kijiti cha katikati. Kiachie: kikisimama wima kiko salama; kikilala upande, kimelika. Fundi akifungua skrubu za nyuma atakuta unga mweupe wa plastiki chini ya kijiti, kama chaki. Aufute, na kama kimelegea sana akibadilishe kijiti, si pedi nzima.

Kanda ya Spider-Man waulizie wauza gemu za mtumba hapohapo Kariakoo, na uijaribu dukani kabla ya kutoa hela. Nenda na dogo, mpe yeye pedi. Ukiona mabega yake yanainama pamoja na Spider-Man, lipa.