Maswali Yenu: Bomba la maji karibu na Gede

SWALI: Tutachimba mtaro wa bomba la maji kando ya barabara karibu na magofu ya Gede, Kilifi. Hifadhi ya barabara ilishavurugwa zamani. Kwa nini tulipie uchunguzi wa mambo ya kale?

JIBU: Kwa sababu barabara mara nyingi hujengwa juu ya kifusi, na chini ya kifusi hicho udongo wa kale unaweza kuwa haujaguswa. Nyumba za udongo na makuti za wakazi wa kale hazikuacha kuta za kuonekana. Zimebaki vigae vya vyungu, shanga na mavi ya chuma (taka za kuyeyusha chuma).

Anzeni kwa kutembea njia yote, watu wakiachana mita 5 hivi, nyasi zikiwa fupi. Baada ya masika hamtaona kitu. Kisha chimbeni mashimo ya majaribio ya sentimita 50 kwa 50, kila mita 20, na udongo wote upite kwenye chekeche lenye matundu ya milimita 5. Kosa kubwa, nalo huharibu kazi nzima, ni kusimama mnapokuta moramu, yaani kile kifusi cha barabara, na kuandika "hakuna kitu". Itoboeni, mshuke tabaka kwa tabaka hadi udongo usio na dalili yoyote ya binadamu.

Siku ya kuchimba mtaro, mwanaakiolojia asimame pale, na ekskaveta itumie kijiko kisicho na meno: meno huchana tabaka kabla hazijaonekana.

Mkikuta mifupa ya mtu, simamisheni kazi, msiihamishe, ifunikeni, waiteni polisi na Makumbusho ya Taifa. Kwa vitu vya kale, sheria ya mwaka 2006 inawapa siku 7 kuwaarifu Makumbusho.