Kabla hujaandika "jiwe"

Wadogo zangu mnaoanza kazi chumba cha picha, naanza na kosa langu mwenyewe. Nilikuwa na miezi michache tu kazini alipoletwa mama mmoja mwenye maumivu ya kiuno upande wa kushoto. Kwenye eksirei nikaona kitone cheupe chini kabisa nyongani, kama punje ya mtama. Nikaandika: jiwe kwenye mrija wa mkojo. Mama akanywa maji wiki mbili, maumivu yako palepale. Siti skani (picha ya mwili vipande vipande) ilipopigwa, mrija haukuwa na kitu. Kile kitone kilikuwa chokaa ndani ya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni: damu iliyoganda zamani ikawa ngumu. Kumbe alikuwa anaumwa mgongo.

Kitone cha vena mara nyingi ni cha mviringo, ukingo laini, na katikati kuna uwazi kidogo, kama shanga. Hukaa chini pembeni mwa nyonga, na aghalabu hakiko peke yake. Kwenye siti skani, ufuate mrija kipande kwa kipande kutoka kwenye figo mpaka kibofu. Jiwe lililonasa mara nyingi huzungukwa na ukuta wa mrija uliovimba, kama pete. Mrija ukikupotea njiani, andika kwamba umekupotea. Hakuna atakayekucheka, na akicheka, shauri yake.

Huku kwetu msisahau kifua kikuu na kichocho. Tezi za tumboni zilizowahi kupata TB huweza kujaa chokaa: madoadoa kama bisi, tena huhama kidogo ukirudia picha. Kichocho huchora mstari mweupe kwenye ukuta wa kibofu, na huweza kupanda mpaka kwenye mirija. Muulize mgonjwa alikulia wapi, na kama utotoni aliwahi kukojoa damu.

Jiwe la nyongo likiangukia juu ya figo ya kulia, piga picha ya ubavu: la nyongo litakaa mbele, la figo litaangukia kwenye uti wa mgongo.

Kwenye ultrasaundi, mafuta ya katikati ya figo hung'aa yenyewe, na wageni huyahesabu mawe kila siku. Tafuta kivuli cheusi nyuma yake, ndiyo alama ya jiwe. Washa Dopla ya rangi (inayoonyesha damu inavyotembea) uone kama panameta kama jiwe, ingawa kuta za mishipa zenye chokaa nazo humeta.

Na kuna upande wa pili: mawe ya asidi ya yuriki hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida. Mtu anajikunja kwa maumivu, picha yake haina kitone hata kimoja, ukamwambia aende nyumbani? Mpeleke ultrasaundi kwanza.