Saa ya Uswisi ya kila siku, ukiwa Mbeya

Mwalimu, umeuliza kama saa ya Tissot, chapa ya Uswisi, itahimili darasa, bodaboda na shamba la viazi Uyole. Itahimili. Chukua modeli yao ya PRX: kioo chake ni cha yakuti, mchanga wa kawaida haukichubui kirahisi. Ile "mita 100" ya kuzuia maji si ruhusa ya kuzamia Ziwa Nyasa, ila mvua zetu haiogopi.

Ya betri au ya kujijaza kwa mwendo wa mkono? Powermatic 80, mtambo wa PRX ya kujijaza, hutembea saa 80 bila kuvaliwa. Ivue Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi bado inakwenda. Lakini kwa kengele za vipindi, ningechagua ya betri: ni nafuu na hushika majira vizuri zaidi. Fundi akibadilisha betri, mwambie akague mpira wa kuzuia maji. Yangu ya zamani iliingia ukungu kwa sababu mpira huo haukukaguliwa.

Ya shilingi elfu thelathini iliyoandikwa "Swiss Made"? Ni bandia, ipite tu.