Hospitali kubwa mjini, zahanati haina dawa

SWALI: Habari mhariri. Hivi mbona nchi nyingi zinazoendelea kila siku zinazindua mahospitali makubwa mjini halafu zahanati za vijijini hazina hata dawa ya homa? Si walikubaliana zamani huduma zianzie chini? Nani anapangaga haya mambo?

JIBU: Ndugu msomaji, umekumbuka vizuri, ilikuwa kwenye mkutano wa Alma-Ata, mji wa Kazakhstan enzi za Sovieti, mwaka 1978, nchi 134 zikakubaliana huduma ya afya ya msingi ndo itangulie, eti ikifika 2000 iwe afya kwa wote. 2000 ikaja ikapita. Wapangaji wanajua sana hilo, ila jengo linakatwa utepe, mshahara wa nesi nani ataukatia utepe?

Na hapa ndo penyewe. Kujenga unalipa mara moja, tena mara nyingi analipa mfadhili, lakini umeme, dawa, mishahara, fundi wa mashine, hiyo ni kila mwaka na inatoka hazina, yaani baada ya miaka michache tu pesa ya kuiendesha hospitali inaipita ile iliyoijenga. Bajeti nayo haijaongezeka, kwa hiyo inakatwa kwa wasio na wa kuwasemea, zahanati. Ukipewa mpango wa afya wa nchi yoyote ruka kurasa za majengo, tafuta gharama za uendeshaji, usipoziona ujue hapo hamna mpango.

Wapo waliothubutu lakini. Thailand miaka ya 80 walisimamisha kwa muda uwekezaji mpya kwenye hospitali za mijini, pesa ikashuka wilayani, na tangu 1972 madaktari wapya walikuwa wanalazimika kuanzia kazi vijijini. Ndo maana 2002 walipoanza bima kwa wote mtu alikuta kituo jirani na daktari yumo. Wengi wanaiga bima, ile miaka 20 ya nyuma hawaitaki. Ethiopia nao kuanzia 2003 wakachukua mabinti wa vijijini, mafunzo ya uhudumu wa afya mwaka mmoja, ajira ya serikali, wakafika zaidi ya elfu 30. Ajira, sio kujitolea, maana wa kujitolea akichoka anaondoka na huwezi kumlaumu.

Sisemi hospitali kubwa zisijengwe, mama aliyekwama kujifungua anahitaji upasuaji sio semina. Ila atafikaje huko kama kule chini hakuna wa kujua mapema kwamba amekwama, na gari la wagonjwa limepaki halina mafuta?