Kabla ya kuruka, jifunze kutua

Wadogo zangu mnaoanza wushu, sanaa ya mapigano ya Kichina, upande wa taolu, yaani mfululizo wa mikao na miruko unaoonyeshwa mbele ya waamuzi, wengi wenu mkiingia ukumbini mnataka kuruka siku hiyohiyo. Nawaelewa. Ukiwatazama wasichana wa changquan, mtindo wa wushu wa miruko na kasi, kwenye Michezo ya Asia wakizunguka hewani, mwili unasisimka. Lakini waamuzi wanaingojea miguu yako zuliani.

Alama zote ni 10. Tano ni za usahihi wa kila tendo, tatu za uchezaji mzima, na mbili tu ndizo za ugumu, yaani mruko na jinsi unavyouunganisha na mkao unaofuata. Ukiyumba unakatwa 0.1, ukijishikiza chini 0.2, ukianguka 0.3.

Mimi yalinikuta. Shindano langu la kwanza la nje niliandikisha mzunguko wa nyuzi 540 unaoishia kwenye mabu, ule mkao wa mpanda farasi. Mazoezini nilikuwa naupata mara mbili katika tano. Siku yenyewe kisigino cha kushoto kilitangulia, goti likaingia ndani, kiganja kikagusa zulia. Basi. Medali hutenganishwa kwa sehemu za mia, na orodha ya miruko migumu huwa imeshawasilishwa kabla; ukiwa zuliani huna cha kubadilisha.

Kwa hiyo chora mstari wa chaki. Ruka nusu mzunguko tu, tua juu ya mstari, hesabu mpaka tatu. Visigino chini, vidole mbele, mapaja sambamba na sakafu. Kidole kikisogea, rudia. Fanya hivyo mwishoni mwa mazoezi, miguu ikiwa imechoka, maana ndivyo itakavyokuwa siku ya siku.

Mtazameni kwenye video Lindswell Kwok wa Indonesia, aliyetwaa dhahabu ya taijiquan (taiji ya mkono mtupu) na taijijian (taiji ya upanga) kwenye Michezo ya Asia, Jakarta mwaka 2018, mbele ya watu wa kwao. Taiji huenda polepole, kwa hiyo kila kosa la mguu linaonekana. Anaruka, anatua kwa mguu mmoja, anabaki palepale kana kwamba hakuondoka. Na alama za mkono mtupu na za upanga zilijumlishwa, hivyo ilimbidi atulie mara zote mbili.

Kocha akitaka uandikishe usichokiweza, mwambie kwa heshima: "Mwalimu, huu bado." Mimi nilinyamaza, nikihofia kuonekana mwoga.